Nyumba ya Kariakoo na haki ya warithi

ANAYEPITA leo katika mitaa ya Sikukuu, Narung'ombe na Kongo, jijini Dar es Salaam, ataziona kwa nadra zile nyumba za Kiswahili zenye ukumbi katikati, vyumba sita na baraza mbele. Mahali pake yamesimama maghorofa, maduka chini na makazi juu. Familia za Kiislamu zenye uwezo zinayanunua makazi hayo, na sababu zao tunazielewa: msikiti uko hatua chache, sokoni unakwenda kwa miguu, na tangu mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi yanafika hadi Kariakoo. Mzee aliyechoka na foleni hawezi kulaumiwa kwa kutamani kuiwahi Alfajiri kwa miguu yake.

Hata hivyo, tunaona wanunuzi wengi huuliza bei, maji na lifti, lakini hawaulizi kiwanja kilikuwa cha nani.

Viwanja vingi vya huko vilikuwa vya wazee waliokwisha kutangulia mbele ya haki. Mara nyingi mirathi haikugawanywa. Watoto waliendelea kukaa na kukusanya kodi ya vyumba mpaka wajukuu wakakua. Akija mwekezaji, huafikiana na mmoja au wawili: yeye ajenge, wao wapewe ghorofa moja au fedha taslimu. Dada wa mama mwingine, anayeishi Mbagala au Tanga, husikia habari nyumba ikiwa imekwisha kubomolewa. Mwenye kununua ghorofa ya tatu hamjui dada huyo, lakini huenda analala juu ya fungu lake. Na iwapo miongoni mwa warithi wamo yatima, basi onyo la aya ya 10 ya Sura An-Nisaa juu ya wanaokula mali yao kwa dhulma linajulikana na kila aliyepita chuoni.

Fiqhi nayo ina mlango unaoitwa shufaa: mshirika katika mali isiyogawanywa ana haki ya kununua fungu la mwenzake kabla ya mgeni. Mafakihi wa Kihanafi wameipanua haki hiyo hadi kwa jirani. Mashafii, ambao ndio madhehebu ya wengi wa pwani yetu, wameiweka kwa mshirika peke yake. Kwa kauli zote mbili, dada yule alipaswa kuulizwa kwanza.

Kwa hiyo mnunuzi adai kuona barua ya mahakama inayomteua msimamizi wa mirathi, na ridhaa ya warithi wote kwa maandishi. Ikiwa anayeuza ni mume na hapo ndipo nyumba ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka pia ridhaa ya mkewe. Wapo watakaouona udadisi huu kuwa ni utovu wa adabu. Sisi hatuoni hivyo.

Juu ya riba hatutarefusha maneno. Tangu kufunguliwa kwa Amana Bank mwaka 2011, asiye na fedha yote mkononi anaweza kuulizia murabaha, ambapo benki huinunua mali kisha ikamuuzia kwa faida iliyotajwa wazi.

Inabaki karatasi na zege. Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008 inamwezesha mwenye ghorofa moja kuwa na hati yake, pamoja na fungu katika ngazi, paa na ardhi. Mwenye mkataba mtupu kutoka kwa mjenzi hana hati hiyo. Aidha, mnamo Novemba 16, 2024 ghorofa liliporomoka Kariakoo na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha, Mwenyezi Mungu awarehemu. Kumlipa mhandisi asiye wa muuzaji akague nguzo na msingi ni gharama ndogo, na ifanywe kabla ya malipo ya kwanza, maana fedha ya Kariakoo ikishatoka mkononi hairudi upesi.