AFYA YA JAMAA: Je, pompi ya pumu inaua?

Mwezi huu tunajibu barua moja tu, sababu jambo lake linagusa nyumba nyingi. Mama mmoja wa Munigi ametuandikia hivi:

«Mimi niko mama wa batoto bane, nakaa Munigi. Binti yangu wa miaka tisa iko na pumu. Bwana yangu anachimbaka koltani kule Rubaya. Akirudi naye anakohoa, anakamata pompi ya mtoto, anapiga. Mu mwezi wa saba, vumbi ilikuwa mingi sana. Usiku mtoto akaamka, hawezi kupumua. Nikapiga pompi, hapana kitu, kumbe ilikuwa imeisha. Tukamubeba na pikipiki mpaka ku hospitali, wakamutilia oksijeni, akapona. Sasa mama mukwe anasema: pompi ile njo inaua batu, ukiizoea hauiachi tena. Anataka niitupe. Nifanye nini?»

Mama mpendwa, pole kwa usiku ule. Ulifanya vema kutongoja asubuhi. Na mama mukwe umsikilize kwa heshima, maana hasemi uongo: kweli wako watu waliokutwa wamekufa na pompi mkononi. Lakini kilichowaua ni nini? Hapo ndipo tunataka tukae kidogo.

PUMU INAFANYA NINI KIFUANI?

Ndani ya kifua kuna mirija ya hewa, inagawanyika kama matawi ya mti. Kwa mtu wa pumu mirija hiyo imevimba ndani, hata siku ile anacheza na wenzake na hakuna anayemdhania mgonjwa. Kikija kitu cha kuichokoza, nyama zinazoizunguka zinakaza, makohozi yanajaa, na njia inabaki nyembamba. Hewa inaingia kwa shida, na kutoka ni shida zaidi. Ndiyo maana kifua kinalia kama filimbi.

Na huku kwetu vya kuchokoza havikosi. Munigi imekaa juu ya mawe meusi ya volkano. Moto wa tarehe 17 Januari 2002 ulipasua ardhi mpaka karibu na hapo. Kiangazi mawe yale yanatoa vumbi, magari na pikipiki wanaliinua. Siku nyingine moshi wa Nyiragongo na Nyamulagira unatuletea gesi ya salfa yenye kukwaruza koo. Tena usiku tunaingiza mbabula ndani juu ya baridi, mtoto analala katika moshi wa makala. Ongeza mafua, na pumu imepata kila kitu inachotaka.

Kwa hiyo kuna mambo mawili: mirija inakaza, na mirija imevimba. Msiyachanganye.

Pompi ya buluu, ile ya salbutamoli ambayo wengi wanaiita Ventolin, inalegeza mirija iliyokaza. Inaanza kazi kwa dakika chache na inashika saa nne mpaka sita. Ni dawa nzuri, inaokoa. Lakini uvimbe haiugusi hata kidogo. Uvimbe una pompi yake nyingine, ya beklometazoni ama budesonidi. Hiyo inapigwa kila siku kama munganga alivyoandika, hata siku mgonjwa hasikii kitu. Beklometazoni haifungui kifua cha usiku. Kazi yake ni kuzuia usiku ule usifike. Baada ya kuipiga, mtoto asukutue kinywa na kutema maji, ili asipate utando mweupe mdomoni.

SASA, INAUA AMA HAIUI?

Tuwape habari ya mbali kidogo. Kule New Zealand, kuanzia mwaka 1976, watu wa pumu, wengi wao vijana, walianza kufa kwa wingi kuliko zamani. Walikuwa na pompi ya fenoteroli, ndugu ya salbutamoli lakini yenye nguvu zaidi. Wataalamu wakafuatilia, na mwaka 1989 wakaonyesha kwamba dawa ile ilifuatana na vifo. Serikali ikaibana, na vifo vikashuka.

Somo lake ni hili. Mtu anapiga pompi, anapata nafuu, anadhani amepona. Kumbe ndani uvimbe unaendelea. Juma linalofuata anapiga mara mbili kwa siku, kisha mara nne, kisha mara nane, na hatafuti munganga, sababu pompi bado inamsaidia. Halafu inafika siku mirija imejaa makohozi na uvimbe, na pompi haipati pa kupita. Watu wanamkuta nayo mkononi, wanasema pompi imemuua. Tukihesabu vizuri, tutaona kwamba mara nyingi aliuawa na pumu iliyoachwa bila dawa yake ya kila siku.

Ndiyo sababu tangu mwaka 2019 wataalamu wa pumu wa dunia nzima wanakataza kijana ama mtu mzima kutibiwa kwa pompi ya buluu peke yake. Wanatoa na hesabu: pompi moja mara nyingi ina mapigo 200. Mtu akimaliza pompi tatu ama zaidi kwa mwaka, pumu yake haijashikwa. Akifika pompi kumi na mbili, yaani moja kila mwezi, hatari ya kufa imekuwa kubwa.

Kwa hiyo, mama, usitupe pompi. Binti akiihitaji zaidi ya mara mbili kwa juma, ama akiamka usiku kwa kukohoa, umrudishe kwa munganga, uulize wazi: «Munganga, na ile pompi ya kila siku, mtoto wangu anaihitaji?» Si aibu kuuliza. Na hakuna kuizoea kama mtu anavyozoea pombe. Anayeihitaji kila siku ni mgonjwa ambaye hajatibiwa sawasawa.

NAMNA YA KUIPIGA

Wengi wanapiga dawa ulimini. Inaishia kooni, kifua hakipati kitu. Fanyeni hivi:

1. Toa kifuniko, angalia kama hakuna uchafu ndani. Tikisa vizuri. Kama pompi ni mpya ama imelala siku nyingi, piga mara mbili hewani kwanza.
2. Kaa wima ama simama. Toa pumzi yote polepole.
3. Weka mdomo wa pompi katikati ya meno, funga midomo.
4. Anza kuvuta hewa polepole, na hapo hapo bonyeza mara moja. Endelea kuvuta mpaka kifua kijae.
5. Shika pumzi, hesabu mpaka kumi. Kisha toa.
6. Ukihitaji pigo la pili, ngoja kidogo, tikisa tena, anza upya. Usibonyeze mara mbili kwa pumzi moja.

Mtoto hawezi kupatanisha kubonyeza na kuvuta, hata wakubwa wengi wanashindwa. Dawa yake ni chupa. Mnajua zile chupa za plastiki za maji za nusu lita? Waganga wa Cape Town, Afrika ya Kusini, walizijaribu kwa watoto wa pumu, na mwaka 1999 wakatangaza kwamba zinafanya kazi sawa na vyombo vya kununua. Oshe chupa kwa maji na sabuni, iache ikauke yenyewe bila kuifuta ndani. Kwenye kitako toboa shimo lenye umbo la mdomo wa pompi, ili iingie kwa kubana. Zungushia plasta hewa isitoroke. Mtoto anashika shingo ya chupa mdomoni. Unabonyeza mara moja, anavuta na kutoa pumzi ndani ya chupa mara tano taratibu. Kisha pigo lingine. Mtoto mdogo asiyeweza kufunga midomo anahitaji kifuniko cha uso, umwombe muuguzi. Mara ya kwanza mtengeneze chupa pamoja na muuguzi, aone kama iko sawa.

USIKU UKIFIKA

Mkalishe mtoto wima, usimlaze. Toa mbabula nje, fungua dirisha. Mpe mapigo manne kwa chupa, moja moja. Ngoja dakika nne. Hakuna nafuu? Mpe manne tena, na muanze safari ya hospitali. Njiani muendelee hivyo hivyo. Mikono itatetemeka kidogo, moyo utapiga mbio, hayo yatapita. Usiku kama ule hatari kubwa ni kifua kufunga, kwa hiyo msiogope kurudia.

Lakini msingoje hata dakika nne, muondoke mara moja huku mkipiga pompi, kama mnaona haya: mtoto hawezi kumaliza sentensi, mbavu zinaingia ndani akivuta, midomo inageuka rangi, anasinzia ama anachanganyikiwa, ama kifua kilicholia sana kimenyamaza ghafula na yeye bado anahangaika. Kunyamaza kule si kupona. Hewa haipiti tena.

PILIPILI ZA SOKONI NA VIDONGE

Wako watu wanaoona pompi ni ghali, wananunua vidonge vya salbutamoli. Angalieni hesabu: pigo moja la pompi lina maikrogramu 100. Kidonge cha miligramu 4 kina dawa ya mapigo 40. Tena inazunguka mwili mzima kabla ya kufika kifuani. Ndiyo maana mtu anatetemeka sana, moyo unamwenda mbio, na kifua kinachelewa kufunguka.

Mtu wa pumu asinunue dawa ya presha bila kusema ugonjwa wake, maana propranololi inaweza kumfunga kifua. Aspirini nayo inawachokoza wengine. Mama mwenye mimba asiache pompi zake: mtoto wa tumboni anapumua kwa hewa ya mama yake.

NA BABA JE?

Mama, tunakuja kwa bwana yako. Kwanza, kila pigo analokamata ni pigo la mtoto linalopotea. Usiku ule pompi ilikuwa tupu kwa ajili hiyo. Tena mdomo mmoja wa pompi kwa watu wawili unagawanya magonjwa.

Pili, kikohozi cha mchimbaji kinaweza kuwa kitu kingine kabisa. Vumbi la mawe ya shimo linaingia mpaka chini ya pafu, linaacha makovu, na makovu hayafunguliwi na pompi yoyote. Pafu lenye vumbi hilo linapata kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Kama anakohoa majuma mawili, anakonda, anatoa jasho usiku ama anatema damu, aende apimwe makohozi. Dawa za kifua kikuu zinatolewa bure. Pompi inaweza kumpa nafuu ndogo na kumchelewesha, na huku analala chumba kimoja na watoto. Akirudi toka shimo, abadilishe nguo na kuoga kabla ya kumkumbatia binti yake. Kazini, kulowesha jiwe kabla ya kulipiga kunapunguza vumbi kuliko kitambaa cha puani.

Neno moja kwa wa Goma na kando ya Ziwa Kivu: mazuku si pumu. Ni gesi nzito inayotoka ardhini na kukaa mabondeni na mashimoni, haionekani. Mtu akianguka humo pompi haimsaidii, na wewe usiteremke kumfuata, usije ukaanguka naye. Piteni mbali, muite watu.

KATA, BANDIKA UKUTANI

– Kila pompi iandikwe tarehe ilipofunguliwa. Kama haina namba za kuhesabu, weka alama kwa kila pigo. Ukifika 150, anza kutafuta nyingine. Usiitumbukize majini kuona kama inaelea, kipimo hicho kinadanganya.
– Angalia tarehe ya mwisho kabla ya kulipa.
– Isikae karibu na mbabula wala juani, inaweza kupasuka.
– Mara moja kwa juma toa kile kichupa cha dawa, oshe plastiki peke yake, ikauke.
– Mwalimu wa mtoto, jirani, na nyanya yake wajue pompi iko wapi.

Mama wa Munigi, msomee mama mukwe ukurasa huu. Mwonyeshe chupa, mpe aishike, mfundishe kuhesabu mapigo. Siku wewe uko sokoni na kifua cha binti kikafunga, yeye ndiye atakuwa nyumbani. Afadhali awe anajua.

Tuonane mwezi ujao. Barua zenu tunazingoja.