Detekta haijui udongo wa Ruiru. Ni wewe wa kuiambia.

Leo sina msimbo wa kuwaonyesha. Nina hasira, na sehemu ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Mama yangu ana ploti Ruiru, 50 kwa 100, upande uliokuwa mashamba ya kahawa. Jirani alipoanza kuchimba msingi wa ukuta, mama aliona kama umeingia kwake hatua moja hivi. Bikoni ya kona ile haikuonekana. Tukamwita jamaa mmoja mwenye detekta ya metali, ambaye kazi yake ni kuwatafutia watu bikoni kwa malipo.

Alifika, akaiwasha, na mashine ikaanza kulia kila mahali. Akapunguza usikivu. Ikalia tena. Akapunguza tena na tena mpaka ikanyamaza. Akaipitisha kona nzima mara mbili, kimya kabisa, kisha akamwambia mama: "Mama, hapa hakuna chuma. Hiyo bikoni iling'olewa."

Iling'olewa na nani? Sote tulifikiria jibu moja, na mimi ndiye niliyelisema. Jioni hiyo nilimpigia jirani simu nikamwambia maneno ambayo mtu hamwambii mzee wa rika la baba yake.

Jumamosi iliyofuata niliazima detekta ya modeli ileile kutoka kwa rafiki yangu wa Thika. Nilisoma kitabu chake cha maelezo kwa saa nzima, kisha nikaiweka sawa na udongo wa pale. Bikoni ilikuwepo, chini ya maramu iliyomwagwa walipotengeneza barabara ya mtaa, kina cha sentimita 20 hivi, chuma ndani ya zege lake. Sarveya mwenye leseni alikuja kuthibitisha. Ukuta wa jirani ulikuwa upande wake.

Mashine ya modeli moja, ploti moja, majibu mawili. Kwa hivyo tafadhali asiniambie mtu kwamba "hizi detekta hazifanyi kazi Kenya".

Kilichotokea hasa

Detekta nyingi za bei ya kawaida hutuma mawimbi ya masafa ya chini, mara nyingi kati ya kilohezi 5 na 20, kupitia koili moja, na kusikiliza kwa koili nyingine. Chuma kikiguswa na mawimbi hayo hurudisha mwitikio wenye mambo mawili: nguvu yake, na kiasi unavyochelewa. Shida ni kwamba udongo nao hurudisha mwitikio. Udongo wetu mwekundu umetokana na miamba ya volkano na umejaa oksidi za chuma, baadhi yake za sumaku. Bikoni ni chuma chembamba kama kidole. Udongo ulio chini ya koili ni ndoo nzima. Kelele ya ndoo inaweza kuzidi sauti ya kidole mara nyingi.

Kinachotuokoa ni ule ucheleweshaji. Wa udongo hautoshani na wa chuma. Kuisawazisha mashine na udongo ni kuiambia: "Mwitikio unaochelewa kiasi hiki ni ardhi, upuuze." Ni namba moja tu. Lakini namba hiyo hubadilika mahali na mahali, na ile iliyowekwa kiwandani ilichaguliwa kwa ardhi ya mtu mwingine.

Sisi waandishi wa programu tunaujua ugonjwa huu. Ni yule jamaa anayekwambia "kwangu inafanya kazi" huku seva ya mteja imelala chini. Thamani za kuanzia si ukweli. Ni makisio ya mtu ambaye hajawahi kufika kwako.

Kuna kosa la pili, na ndilo linaloniudhi zaidi. Detekta nyingi za dukani zimetengenezewa watu wanaotafuta sarafu na pete bustanini na ufukweni. Kwao misumari na nondo ni takataka. Kwa hiyo ukiiwasha bila kugusa kitu, mara nyingi huanza katika hali ya kuchuja chuma. Sasa fikiria: bikoni yetu NI chuma! Tunanunua mashine iliyoagizwa kunyamazia kitu kilekile tunachokitafuta, halafu ikinyamaza tunasema jirani ni mwizi.

Kupunguza usikivu kunamalizia uharibifu. Kelele haiondoki kwa sababu mashine imeuelewa udongo. Inaondoka kwa sababu mashine imezibwa masikio, na chuma cha kina cha sentimita 20 kinapotea pamoja na kelele.

Rangi isikudanganye

Wengi huamini udongo mweusi ndio mgumu. Nilichukua sumaku ya spika mbovu, nikaifunga ndani ya mfuko wa plastiki, nikaipitisha kwenye udongo mkavu wa sehemu tatu: kwa mama Ruiru, kwenye udongo mweusi wa Juja, na kwa rafiki yangu Thika, upande wa mashamba ya mananasi. Udongo mwekundu wa Ruiru na wa Thika uliotesha sumaku ndevu. Ule mweusi uliacha vumbi kidogo tu. (Hata hivyo wekundu wenyewe si kipimo, maana oksidi nyingine nyekundu karibu hazina sumaku. Amini sumaku, si macho.)

Udongo mweusi una ujanja wake. Kiangazi hupasuka, na pale penye ufa udongo haupo, kwa hiyo mwitikio wa ardhi huruka ghafla na unaweza kudhani umepata kitu. Maramu iliyomwagwa juu ya udongo wa asili ni ardhi nyingine kabisa. Na mahali palipochomwa takataka au makaa, moto hugeuza oksidi za kawaida kuwa za sumaku, kwa hiyo usisawazishie mashine hapo.

Fanya hivi

1. Zima kichujio cha chuma. Weka hali ya metali zote.
2. Tafuta mahali safi, mbali na uzio wa waya, mabati na majivu. Vua saa, weka simu mbali.
3. Inua koili kama sentimita 30, ishushe hadi sentimita 5, rudia. Sikiliza. Mlio ukipanda au kushuka kila unaposhusha, rekebisha namba ya udongo mpaka mlio ubaki sawa juu na chini.
4. Sasa ndipo upandishe usikivu, mpaka ianze kupayuka, kisha urudi nyuma kidogo.
5. Ardhi ikibadilika, rudia hatua ya 3. Ukitoka Ruiru kwenda Juja, rudia. Mvua ikinyesha, rudia. Ukikanyaga maramu, rudia.

Haya yote hayafiki dakika tano. Yule jamaa hakutumia hata moja.

"Lakini wateja wanataka kuwasha na kuanza"

Najua. Na kuna mahali hoja hiyo ni sawa. Askari wa mlangoni kwenye jengo la biashara anayekupitishia kile kifimbo hana udongo wa kusawazisha, na mipangilio ya kiwandani inamtosha. Pia kuna detekta zinazofuata udongo zenyewe unapotembea. Ni nzuri, lakini ukipitisha koili juu ya kitu kimoja mara nyingi zinaweza kukizoea na kukihesabu kuwa ardhi. Lazima ujue wakati wa kuifungia namba.

Mwaka wa 1985, kituo cha utafiti wa kahawa hapa Ruiru kilitoa aina ya Ruiru 11, iliyozalishwa kustahimili chulebuni na kutu ya majani, kwa sababu magonjwa hayo yalikuwa yanatuumiza sisi. Mwaka huohuo, kule Australia, ilianzishwa kampuni ya Minelab, iliyopata jina kwa detekta zinazoweza kutafuta dhahabu kwenye ardhi ya huko iliyojaa oksidi za chuma. Kote kuwili watu walikubali hali ya mahali pao, wakabadilisha kinachobadilika. Sisi hatuombwi hata kuunda mashine. Tunaombwa kuzungusha kitufe.

Wanaolipisha pesa kwa kazi hii ndio ninaowalaumu zaidi. Sheria ya Upimaji, Sura ya 299, inafanya kuhamisha au kuharibu alama za upimaji kuwa kosa. Kwa hiyo ukisema "bikoni iling'olewa" umemshtaki mtu kosa la jinai. Huwezi kufanya hivyo kwa mashine uliyoiziba masikio. Kama hujaisawazisha, jibu la kweli ni "sijaona", na "sijaona" haimtii mtu yeyote hatiani. Hata ukiona chuma, detekta inakwambia tu pa kuchimba. Kama chuma hicho ndicho bikoni, hilo ni la sarveya kusema.

Nawe unayelipa, dai jaribio, kama tunavyojaribu programu kabla ya kumpa mteja. Kata kipande cha nondo cha urefu wa futi moja. Kizike kwenye ploti yako, kina cha sentimita 20, fundi akiwa hayupo. Akifika, mwambie akitafute kwanza. Si jaribio kamili, maana udongo uliochimbuliwa leo hautoi mwitikio sawa na uliotulia miaka mingi, lakini mashine iliyozibwa itaumbuka papo hapo. Akikikosa, mshukuru kwa kuja na usimlipe senti.

Mimi sikudai jaribio. Nilimwamini mtu kwa sababu alikuwa na mashine, na kazi yangu ya kila siku ni kutoamini mashine. Jumapili nilienda kwa jirani na mama, tukiwa na sukari na majani ya chai. Alitukaribisha, tukanywa chai. Lakini tangu siku hiyo hunijibu salamu kwa neno moja tu, na hilo halina kitufe cha kuzungusha.