Ferrari ya Pajulu na Mstari wa "Mengineyo"

Kamati ya chama chetu imetuletea karatasi moja ya bajeti na kututaka tuipigie kura kabla muhula haujaisha. Mradi wenyewe wameuita "Ferrari ya Pajulu": kununua gari dogo la Kijapani, kulivua bodi yake, kulivisha bodi ya faiba yenye umbo la Ferrari F355, kisha kulikodisha kwa maharusi wa Arua na Koboko ili chama kipate mfuko wake. Jumla ni shilingi milioni 28. Napinga. Sipingi kwa wivu, wala sioni kwa nini mwanafunzi wa lugha abaki na ngeli zake, kama alivyosema mjumbe mmoja mkutanoni. Nimelelewa nyuma ya garaji hapa Pajulu. Mjomba wangu huunda bodi za malori yaendayo Juba na Ariwara, na Kiswahili ninachokisomea darasani nilikisikia kwanza pale, vinywani mwa mafundi na madereva. Tena karatasi ya bajeti ni maandishi kama maandishi mengine. Naweza kuisoma.

Ina mistari 9. Saba ni ya vitu vinavyoonekana: faiba, rezini, rangi nyekundu, taa, magurudumu, viti na nembo ya farasi. Mstari wa 8 ni gari lenyewe. Wa 9 umeandikwa "mengineyo". Breki zimo ndani ya mengineyo. Usajili umo ndani ya mengineyo. Nadhani hata uhai wa bibi harusi umo humo humo.

Wahadhiri wawili walisimama kusema kwamba kuiga ni utumwa wa mawazo. Mimi siko upande wao pia. Watu wenye fedha na akili zao wameiga magari haya kwa miaka mingi. Ferrari nyeusi iliyoonekana katika vipindi vya mwanzo vya Miami Vice, miaka ya 1980, ilikuwa Chevrolet Corvette iliyovishwa bodi ya faiba. Wapo hata wanaonunua Ferrari halali, ya aina isiyopendwa sana, wakaivua na kuivisha umbo la 250 GTO, gari lililotengenezwa 36 tu kati ya 1962 na 1964. Moja kati ya hizo 36 iliuzwa mnadani Marekani mwaka 2018 kwa dola zaidi ya milioni 48, kwa hiyo tamaa ya kuwa na mfano wake inaeleweka. Lakini fundi makini wa kazi hiyo huanza kwa kuhesabu thamani ya gari analoliharibu. Hupima umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, huangalia injini imekaa wapi, huuliza sheria inasemaje. Bodi huja baada ya hayo yote.

Kamati yetu imeanza na rangi.

Nianze na gari la kuvuliwa. Katika video walizotuonyesha, gari lililovishwa F355 ni Toyota MR2 ya kizazi cha pili. Chaguo hilo lina sababu. MR2 ina injini nyuma ya viti kama Ferrari ile, na umbali kati ya magurudumu yake ya mbele na ya nyuma ni milimita 2,400, wakati wa F355 ni 2,450. Tofauti ya sentimita 5 inaweza kufichwa. Tatizo ni kwamba Uganda, tangu 2018, imekataza kuingiza nchini gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi, na MR2 ya mwisho kabisa ilitoka kiwandani mwaka 2007. Hesabu hiyo haihitaji mhandisi.

Nilipouliza, nikajibiwa kwamba basi tutatumia Corolla, kwa kuwa Corolla zimejaa Arua. Naam, zimejaa, na injini zao ziko mbele. Boneti ya F355 imelala chini kwa sababu chini yake hamna injini. Ukiiweka juu ya Corolla utachagua moja kati ya mawili: kuiinua mpaka umbo lote lipotee na watoto wa sokoni wacheke, au kuhamishia injini nyuma. Kuhamisha injini ni kukata chesisi, kubadilisha mfumo wa gia, kupitisha upya mabomba ya maji na ya breki. Hiyo ni kazi kubwa kuliko bodi yenyewe, na kwenye karatasi haina hata senti. Kisha kuna upana. Ferrari ni pana kuliko Corolla, hivyo magurudumu yatasukumwa nje kwa vipande vya chuma ili yajaze matao ya bodi, na beringi zitabeba mzigo ambao hazikuundiwa. Halafu gari hilo, lililolala karibu na ardhi, lipelekwe Koboko kwa harusi, likapande kila tuta lililoko mbele ya kila kituo cha biashara njiani!

Bei ya faiba nayo imeandikwa na mtu asiyejua faiba inavyofanyiwa kazi. Huwezi kupaka rezini hewani. Kwanza unaunda umbo kamili kwa mbao, povu na pati, unalisugua mpaka ling'ae. Juu ya umbo hilo unatengeneza kalibu. Ndani ya kalibu ndipo unapotandika nyuzi za kioo na rezini kupata kipande kinachovaliwa na gari. Yaani unajenga gari mara tatu, na mara mbili kati ya hizo hazitembei. Anayeuza bodi 50 huigawa gharama ya kalibu kwa wateja 50. Sisi tunaunda gari moja, basi kalibu yote ni yetu. Kamati imehesabu tabaka la mwisho tu. Kioo cha mbele hakikuhesabiwa kabisa, na kioo hakipigwi nyundo kwenye garaji ya Pajulu. Ndiyo maana waigaji wengi huacha kioo na paa la gari la zamani palepale, na mwenye jicho huona mara moja kwamba kofia si ya kichwa hicho.

Kuhusu nembo ya farasi nitasema kidogo. Ferrari ni watu wa mahakamani. Mwaka 1991 mahakama ya rufaa ya Marekani iliwapa ushindi dhidi ya mtu aliyekuwa akiuza bodi za faiba zinazofanana na magari yao, na mwaka 2019 mahakama ya Bologna, Italia, ililitambua umbo la 250 GTO kuwa kazi ya sanaa inayolindwa. Sidhani kama mawakili watafika West Nile kwa ajili yetu. Lakini chama cha wanafunzi kinachopanga, kwa maandishi na kwa muhuri, kununua nembo ya mwenzake na kuibandika kwenye Corolla ya kukodisha, kinaandika ushahidi dhidi yake chenyewe.

Sasa linganisheni na garaji ya lori. Mteja anapofika, mjomba hamwulizi rangi. Anauliza lori litabeba nini na litapita wapi. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuhusu uzito wa magari inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya usukani na tani 10 kwenye ekseli moja yenye matairi pacha. Kila kilo ya chuma anayoichomelea kwenye bodi ni kilo ya muhogo au saruji ambayo mwenye lori hataibeba. Kwa hiyo anahesabu kutoka chini kwenda juu: chesisi, springi, breki, sakafu, mbavu, kuta. Maneno yanayoandikwa juu ya kioo, yale ya "Mungu Mkubwa", huja mwisho kabisa, na mara nyingi mchoraji hulipwa kwa kilichobaki mfukoni. Huyo ndiye mtaalamu wa kuvisha magari tuliye naye, umbali wa kutembea kwa miguu, na hakuna mjumbe wa kamati aliyemwuliza lolote.

Watanitajia Kiira. Wanitajie. Kiira EV ya Makerere ilitembea Novemba 2011, gari la viti 2 linaloendeshwa kwa umeme, lakini wanafunzi na walimu wao walikuwa wameanza miaka kadhaa nyuma, katika mradi wa Vision 200 ulioongozwa na wanafunzi wa MIT na kufanyika Turin mwaka 2008. Walijifunza kilicho chini ya bodi kabla ya kuonyesha bodi. Na kufikia 2016 walikuwa wamefika kwenye basi, Kayoola, kwa sababu basi lina mnunuzi. Upande wa pili yuko Nyayo Pioneer. Rais Moi alikiagiza Chuo Kikuu cha Nairobi kuunda gari mwaka 1986, magari 5 ya mfano yakatengenezwa, yakafikia kilomita 120 kwa saa, yakazinduliwa kwa shangwe mwaka 1990. Fedha za kuyatoa kiwandani hazikupatikana. Bajeti ya kamati yetu nayo inaishia siku ya uzinduzi. Hakuna mstari wa matairi ya mwaka wa pili, wala wa sipea, wala wa dereva, wala wa bima ya mtu wa tatu, ambayo ni ya lazima. Na bima hiyo italiandika gari hili kuwa nini, ikiwa logibuku inasema Corolla na macho yanasema Ferrari?

Mhazini alisema harusi zitalirudisha gharama. Harusi ngapi, kwa bei gani, na nani amezihesabu? Maharusi wa hapa huja na mashangazi, wasimamizi na watoto wa maua. Gari la viti 2 litawabeba bwana na bibi harusi iwapo mmoja wao ataendesha, naye amevaa gauni au suti ya kukodi.

Ninachotaka ni karatasi mpya kabla ya kura. Iandikwe kutoka chini: gari lipi hasa, namba ya chesisi ipi, breki, usajili na bima kwa mistari yao wenyewe, kalibu kwa bei ya kalibu, gharama za miaka 3 baada ya uzinduzi, na sahihi ya fundi mmoja wa bodi za malori kwamba ameisoma. Mchango wangu wa muhula huu, shilingi 20,000, uko tayari. Mhazini ataupata siku mstari wa "mengineyo" utakapofutwa.