Sauti ya Mjumbe Mmoja

Ndugu wapenda mageuzi, msidharau sauti ya mtu mmoja bungeni. Ernie Chambers, kinyozi wa Omaha, alichaguliwa mwaka 1970 kuingia katika bunge la jimbo la Nebraska, Marekani, lenye wajumbe 49 na kura zisizotaja chama. Kwa miaka mingi alikuwa Mweusi wa pekee humo. (Alikwenda hata mahakamani kupinga kasisi wa bunge kulipwa fedha za umma, akashindwa mwaka 1983, na waumini wana haki ya kushukuru.)

Mwaka baada ya mwaka alileta mswada wa kufuta adhabu ya kifo. Mwaka 2015 ulipita; gavana akaukataa, na wajumbe 30 dhidi ya 19 wakautangua uamuzi wake. Mwaka 2016 wapiga kura wakairejesha adhabu hiyo.

Kikomo cha mihula miwili mfululizo, kilichopitishwa mwaka 2000, kilimwondoa mwaka 2009. Sisi tuliodai kikomo cha urais twaona tofauti: rais ana jeshi na hazina, mjumbe huyu alikuwa na ulimi wake na kanuni za bunge. Mwaka 2012 watu wa kaskazini mwa Omaha walimrudisha, akatumikia hadi 2021.