Apimwe Sukari Kabla ya Kuambiwa Ana Jini



Tuseme mama wa nyumba moja hapa Kwa Mrombo huamka alfajiri akitokwa na jasho, akitetemeka na kusema maneno yasiyoeleweka. Akinyweshwa chai ya sukari, baada ya dakika chache akili humrejea. Ramadhani hali humzidia alasiri. Jamaa hukata shauri: ni jini.

Hatukanushi kuwapo kwa majini wala faida ya kisomo. Lakini anayetulizwa na chai ya sukari, na apimwe sukari kwanza.

Kongosho hutoa homoni ya insulini, ambayo hushusha sukari ya damu. Mtu asipokula, kongosho zima hupunguza homoni hiyo. Kwa nadra huota humo uvimbe mdogo, aghalabu usiozidi sentimita 2, unaomwaga insulini hata kwa aliyefunga. Tangu miaka ya 1930, Dkt. Allen Whipple wa New York alifundisha alama tatu: dalili hutokea wakati wa njaa, sukari hupimwa ikaonekana imeshuka, na sukari ikipanda dalili huondoka.

Takriban tisa katika kila kumi ya uvimbe huu si saratani, na upasuaji huuponya. Ukiwa saratani iliyofika kwenye ini, hutumika dawa za kemotherapia, mojawapo ikiwa streptozosini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1982, ambayo hushambulia seli zitoazo insulini. Hapo daktari hutazama mambo mawili: homoni katika damu na ukubwa wa uvimbe katika picha. Yaweza homoni ikapungua, mgonjwa akaacha kuanguka, ilhali uvimbe ungalipo. Basi nafuu isimkatishe mtu matibabu.

Sukari hushuka zaidi kwa watumiao dawa za kisukari, hivyo mwelezeni daktari dawa zote anazotumia mgonjwa. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali. Kutoka Mount Meru, mgonjwa wa saratani aweza kupelekwa KCMC, Moshi, au Ocean Road, Dar es Salaam. Wala asijilazimishe kufunga: Suratul-Baqara, aya ya 184 na 185, imempa mgonjwa ruhusa.

Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kujitibu. Dua na kipimo havigombani.

Allah awaponye wagonjwa wetu. Amin.