Akiba Peke Yake Haimtibu Mbwa

Hoja inayorudiwa katika kurasa za fedha za magazeti ya Uingereza, kwamba mwenye mbwa au paka aachane na bima na badala yake aweke ada yake benki kila mwezi, inasahau kwamba akiba hukua polepole, ilhali kano ya goti la mbwa huweza kukatika katika mwezi wa pili tu, na upasuaji wake hugharimu maelfu ya pauni. Ni kweli kwamba bima nyingi hazilipii ugonjwa uliokuwapo kabla ya mkataba, na kwamba ada hupanda kadiri mnyama anavyozeeka. Lakini dosari hizo zinadai uchaguzi makini, si kuisusia bima.

Bima yenye kikomo cha muda, yaani ile inayogharimia kila ugonjwa kwa miezi 12 pekee, humtelekeza mwenye paka wa kisukari mwaka wa pili, wakati ambapo bima ya maisha yote ya mnyama, ambayo kiwango chake cha malipo hurejeshwa upya kila mkataba unapohuishwa, huendelea kulipia insulini. Tofauti hii, iliyo kiini cha suala zima, washauri wa akiba huipita kimya, na kimya hicho kinawaumiza wasomaji wao. Wala hisani si mbadala wa bima: shirika la hisani la kutibu wanyama la PDSA, lililoanzishwa na Maria Dickin mwaka 1917, huwasaidia hasa wenye kipato kidogo. Mfanyakazi wa mshahara wa kawaida asilitegemee. Anunue bima mapema, mnyama angali mzima.