ATC haikukosa ndege, ilikosa lengo

Kaa kijiwe chochote cha Dar es Salaam, uliza kwa nini shirika letu la ndege liliporomoka. Utajibiwa haraka: vigogo wamelila. Wakubwa nao wana jibu lao: mali ya umma haiendesheki, dawa yake ni kuuza.

Tuwatazame Waethiopia. Shirika lao la ndege lilianzishwa mwaka 1945, na ni mali ya serikali mpaka leo. Lilianza na marubani, mafundi na mameneja wa Kimarekani kutoka kampuni ya TWA. Lakini lengo likawekwa: siku moja Waethiopia waliendeshe wenyewe. Hawakulisema jukwaani wakalisahau. Walisomesha vijana wao, mmoja baada ya mwingine, mpaka mwaka 1971 Mwethiopia akakalia kiti cha meneja mkuu. Miaka 26! Mfalme alipinduliwa 1974, Mengistu akakimbia 1991, lakini shirika halikupotea njia. Mwaka 2010 likajiwekea mpango mwingine wa miaka 15. Leo ndilo shirika kubwa la ndege kuliko yote Afrika.

Sisi je? ATC ilizaliwa 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika. Mwaka 2002 asilimia 49 ikauzwa kwa shirika la Afrika Kusini. Mwaka 2006 ndoa ikavunjika. Kuanzia 2016 serikali ikaleta ndege mpya, ngoma zikapigwa uwanjani. Hata hivyo, ripoti za CAG zimetaja hasara zaidi ya mara moja.

Kijana mwenzangu, ndege ni chombo tu. Lengo ni kusema: mwaka fulani tutafika hapa, kwa njia hii, na kila mwaka wananchi wataonyeshwa hesabu. Lengo la namna hiyo halifi waziri anapobadilishwa. Na wizi nao hustawi pale ambapo hakuna anayejua shirika linatakiwa kufika wapi, maana nani atagundua kwamba halijafika?

Hata wewe na wenzako mnaochanga fedha kufungua karakana, andikeni: baada ya miaka 10 tuwe wapi?

Na mgombea akija mtaani kwako na kofia na fulana, muulize hivyo hivyo kuhusu mashirika yetu. Miaka 20 ijayo yatakuwa wapi, na nani atawajibika yasipofika? Akianza kujikuna kichwa, chukua fulana, kura mnyime.